Barua ya wazi kwa viongozi wa vyama: kiti cha udiwani mnakipoteza saa tatu usiku

Kwenu viongozi wetu wa vyama, wa kijani, wa gwanda, wa zambarau, na nyie wengine ambao bendera zenu huwa naziona kila baada ya miaka mitano, shikamooni wakubwa, na wadogo zangu habari za kazi. Naandika nikiwa hapa kibarazani kwangu, umeme umekatika toka saa nne asubuhi kwahiyo cherehani ya moto imelala, na mimi nikikaa bila kazi ndo huwa naanza kuwafikiria nyie.

Mimi ni fundi cherehani, mwanamke, karibu miaka ishirini sasa nashona huku pembezoni mwa Dar. Kila uchaguzi ukifika nashona bendera, vitambaa vya kichwani, sare za akina mama wa hamasa, na magwanda nimeshashona mpaka basi. Nashona za vyama vyote maana hela haina chama. Alafu mara mbili nimekaa kituoni kama wakala, wa chama ambacho sikitaji hapa na nawaomba msijisumbue kukitafuta. Kwahiyo nawajua mkiwa mnajiandaa na nawajua mkiwa mnahesabiwa, na kuna kitu nimekiona ambacho naona kwenye vikao vyenu vya hoteli hamkisemi. Mimi naweza kukwambia mgombea udiwani yupi atashindwa miezi miwili kabla ya siku yenyewe, na sio kwa uganga, ni kwa daftari langu la oda.

Iko hivi. Oda ya bendera ikiletwa na katibu wa chama wa kata, kaja na mwenzake, wana karatasi ya tawi hili bendera kumi, tawi lile ishirini, advansi wanatoa, wanauliza zitakuwa tayari lini maana kuna kikao cha mabalozi Jumamosi, basi hapo najua kuna mashine nyuma ya huyo mgombea. Mgombea mwenyewe anaweza hata asiwe na mvuto, anaongea kama anasinzia, lakini atasumbua. Sasa kuna oda ya aina nyingine. Anakuja mgombea mwenyewe, jioni giza linaingia, kavaa kapelo, anasimama pale mlangoni kama anayekuja kukopa, anauliza, dada nikileta kitambaa mwenyewe utanipunguzia shingapi. Huyo huwa namwonea huruma kabla hata sijampimia. Chama kimempa fomu, kikamwombea dua, kikamwambia kaka pambana tuko nyuma yako, na nyuma yake ukiangalia unaona mke wake na shemeji yake mmoja mwenye bodaboda. Kuna mmoja aliuza friji la duka lake. Sasa mtu anayeuza friji apate bendera na mafuta ya spika, hela ya kulisha mawakala anaitoa wapi?

Na msiniambie kwamba ni mgombea ndo hakujipanga. Nchi hii mgombea binafsi hayupo. Katiba ibara ya 67 inasema anayetaka ubunge lazima awe mwanachama na awe mgombea aliyependekezwa na chama, na udiwani mambo ni yale yale. Marehemu Mchungaji Mtikila alihangaika na hili mahakamani miaka na miaka, Mahakama ya Rufani ikamwambia mwaka 2010 kwamba hilo ni la Bunge, akaenda mpaka Mahakama ya Afrika pale Arusha na mwaka 2013 wakampa haki, ila mpaka leo hatujaona jina la mgombea asiye na chama kwenye karatasi ya kura. Maana yake mlango wa kuingilia mmeushika nyie peke yenu. Mimi hata nikiwa napendwa na mtaa mzima kuanzia stendi mpaka makaburini, bila muhuri wenu mimi ni fundi cherehani tu. Sasa kama ushindi lazima upitie kwenu, basi na kushindwa kwingi nako kunaanzia kwenu, huwezi ukachukua kimoja ukakikataa kingine.

Wengine mtasema udiwani ni kitu gani bana, sisi tunapigania Ikulu. Nisikilizeni. Mimi Ikulu nimeiona kwa nje, nikiwa kwenye daladala. Lakini mtaro uliozibwa hapa mbele, taka zisizobebwa wiki tatu, ushuru ninaodaiwa na watu wa halmashauri, ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotakiwa igawiwe nne kwa wanawake nne kwa vijana mbili kwa wenye ulemavu, vyote hivyo vinajadiliwa kwenye baraza la madiwani. Na madiwani ndo wanaochagua meya. Mnakumbuka baada ya uchaguzi wa 2015, ilivyokuwa vuta nikuvute ya meya wa jiji la Dar es Salaam, kikao kinaitishwa kinaahirishwa, kinaitishwa kinaahirishwa, mpaka Machi 2016 ndo Isaya Mwita akachaguliwa. Ile ilikuwa ni hesabu ya vichwa vya madiwani na wabunge, kimoja kimoja. Hakuna mtu siku ile aliyeuliza kiti cha udiwani ni kitu gani. Walikuwa wanavihesabu kama mtu anayehesabu chenji ya nauli.

Wenzetu wa CCM walikuwa na msemo wao wa mafiga matatu, yaani rais, mbunge na diwani wote watoke chama kimoja ili chungu kikae. Msemo mzuri sana kwa kweli, yeyote aliyepika kwa kuni anauelewa bila kuelekezwa. Ila nikiwaangalia vyama vyote, na hao wenye msemo wakiwemo, naona figa la kwanza mnalibeba watu mia, la pili watu kumi, la tatu mnalisukuma kwa mguu.

Tuje kwenye majina. Hapa ntaongea kidogo maana hapa ndo pananiuma.

Mwaka 2010 Iringa Mjini, CCM walipiga kura za maoni, zile za wanachama kuchagua nani asimame, Frederick Mwakalebela akaongoza. Vikao vya juu vikakata jina lake, akasimamishwa Monica Mbega aliyekuwa mbunge pale. Sababu za kumkata walikuwa nazo wenyewe, mimi siingii huko, ila matokeo kila mtu anayajua, jimbo likaenda kwa Mchungaji Peter Msigwa wa CHADEMA na 2015 akalichukua tena. Watu wa Iringa hawakuamka asubuhi moja wakageuka wapinzani wote kwa pamoja. Mtu ukimwambia chagua, akachagua, alafu ukamwambia hapana sio huyo, hakupigii kelele. Anarudi nyumbani anakaa kimya, na kimya chake unakuja kukikuta kwenye sanduku.

Hiyo ni ya ubunge, magazeti yaliandika. Za udiwani haziandikwi popote ila ziko kila kata. Hapa kwetu palikuwa na mama mmoja, jina lake silitaji, mama wa vikoba. Ukifiwa anafika kabla ya turubai. Daftari la michango anashika yeye, sufuria za msiba zinatoka kwake, mtoto wa mtu akikosa sare ya shule ananitumia meseji, fundi mshonee ntakulipa kidogo kidogo, na analipa kweli. Akachukua fomu. Wanachama wa kata wakampigia kura nyingi tu. Jina likapanda juu, likarudi limebadilika, kaletwa kijana mmoja nadhifu sana, ana gari, anakaa kata nyingine kabisa na huku ana kiwanja tu. Tukaambiwa huyu ana uwezo. Uwezo wenyewe ni kwamba hataomba hela za chama. Yule mama hakuhama chama, hakuitisha waandishi, hakusema neno baya hata moja. Alikaa tu nyumbani. Na wale wamama wa vikoba wote wakakaa nyumbani naye. Kijana alifanya kampeni na spika kubwa mpaka mabati yanatetemeka, akashindwa.

Mwaka 2020 kulikuwa na ule utani wa wajumbe sio watu, mnaukumbuka, watia nia walivyopigwa na wajumbe kwenye kura za maoni za CCM, mtu kagawa soda mkoa mzima kapata kura mbili. Tulicheka sana. Ila mimi huwa najiuliza, hivi mjumbe akikosea ni nani atamwambia, na kamati ya juu ikimkosoa mjumbe, kamati ikikosea je. Sisi tunaopiga kura za mwisho hatuna simu ya hiyo kamati. Tuna karatasi ile moja tu.

Alafu kuna hili la kugawana wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 2015 UKAWA, ule umoja wa vyama vya upinzani, walikubaliana wasimamishe mgombea mmoja kila mahali, CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD, na kwa Dar es Salaam ilionekana imelipa kweli, kati ya majimbo kumi walichukua sita, Ubungo, Kibamba, Kawe, Ukonga, Kinondoni na Temeke. Sasa nendeni Segerea. Pale walishindwa kuelewana, CUF wakamweka Julius Mtatiro, CHADEMA wakamweka Anatropia Theonest, kila mmoja na kadi yake na bendera yake. Mshindi akawa Bonnah Kaluwa wa CCM, na ukizijumlisha kura za wale wawili zinampita. Nilishona bendera za wote watatu mwaka ule, kwa wiki moja, kwenye cherehani moja. Wale wateja wawili wa UKAWA walikutana hapa hapa kwangu siku moja, kila mmoja kaja kuchukua mzigo wake, wakasalimiana vizuri kabisa, wakacheka, wakaulizana habari za watoto, mmoja akamsaidia mwenzie kufunga mzigo kwenye pikipiki. Nikabaki nawaangalia. Yaani hawa ndo hawakuweza kukaa chini wakaamua nani asimame? Ilikuwa ni huko juu. Hawa wa chini walikuwa tayari wanafungiana mizigo.

Na kama huo ugomvi ulikuwepo kwenye ubunge, ambako macho ya nchi nzima yako pale, fikirieni kwenye kata. Kwenye kata hata hakukuwa na ugomvi, kulikuwa na kusahau.

Hili la chopa, yaani helikopta zenu za kampeni, ntalipita haraka. Chopa ni nzuri, watoto wanafurahi, hata mimi niliacha kazi nikakimbia kwenda kuiona na kitambaa kikaungua pasi. Lakini ikiondoka inaondoka na vumbi lake. Anayebaki ni katibu kata ambaye hana ofisi, anafanyia vikao chini ya mwembe wa mtu, na mwenye mwembe akibadilisha chama, ofisi nayo imebadilika.

Sasa najua mtakachoniambia nyie wa upinzani, maana nimeshabishana na wengi wenu hapa hapa kibarazani. Mtasema fundi, uwanja hauko sawa. Na mimi sibishi. Mwaka 2014 kwenye serikali za mitaa mlipata wenyeviti wa mitaa wengi kuliko nyuma, na hao ndo waliowabeba 2015, maana mwenyekiti wa mtaa ndo anayemjua kila mtu kwa mlango wake. Mwaka 2019 wagombea wenu wakaenguliwa kwa wingi, huyu kakosea kujaza fomu, yule kaandika jina la chama kwa kifupi, ofisi nyingine zikakutwa zimefungwa siku ya kurudisha, mkajitoa, CCM wakachukua karibu yote. 2020 mkaondoka na viti vya kuhesabu kwa vidole, CHADEMA jimbo moja tu la kuchaguliwa, Nkasi Kaskazini, Aida Khenani. 2024 kwenye serikali za mitaa tena ikawa vile vile. 2025 CHADEMA hawakuwepo kabisa kwenye karatasi baada ya kutosaini zile kanuni za maadili mwezi wa nne, na yaliyotokea Oktoba 29, siku ya kura, sitayagusa kwenye barua hii, kuna nyumba mtaa wa nyuma yangu bado hawajaanua matanga moyoni. Hilo la uwanja lina barua yake na wa kuandikiwa wake, na ninayo nia ya kuiandika. Hii ni yenu nyie, kuhusu yale ambayo hakuna mtu aliyewashika mkono.

Maana hata kwenye fomu, jamani. Kama unajua refa anatafuta sababu ya kukutoa, unaingiaje uwanjani na kiatu kimefunguka kamba? Nilimwona mgombea mmoja anajazia fomu yake ya kugombea hapa kwenye meza yangu ya kukatia vitambaa, siku ya mwisho ya kurudisha, anaazima peni ya kwangu ambayo wino wake unakatika. Ananiuliza mimi, fundi hapa wanaposema wadhamini lazima wawe wamejiandikisha kata hii hii? Mimi namwambia mwanangu muulize mwanasheria wa chama. Ananiambia mwanasheria yuko jimboni na mgombea ubunge, simu haipokelewi. Saa tisa na nusu akapanda bodaboda. Mwisho wa kurudisha ilikuwa saa kumi. Aliwahi. Alienguliwa baada ya siku mbili kwa pingamizi, na sababu mojawapo ilikuwa mdhamini wa kata nyingine.

Haya, tuje kwenye saa tatu usiku, maana ndo nimeiweka pale juu.

Kituo chetu kilikuwa darasa la shule ya msingi, ukutani pameandikwa jedwali la kuzidisha, madawati yamesukumwa nyuma, mbele kuna meza tatu na masanduku matatu, la rais, la mbunge, la diwani. Mawakala tulifika saa kumi na mbili asubuhi maana kituo kinafunguliwa saa moja. Chama changu kilituambia chakula kitakuja saa saba. Saa saba ikapita, saa nane, saa tisa. Mwenzangu wa chama kingine, kijana wa makamo, akaletewa chipsi kuku na soda kwenye mfuko, akaangalia kushoto kulia, akanisogezea, akaniambia, dada kula bana, njaa haina itikadi. Nikala. Yaani chakula changu cha siku ile, mimi wakala wenu, nilikila kutoka kwa mpinzani wenu, na ninamshukuru mpaka leo.

Saa kumi jioni milango ikafungwa, kuhesabu kukaanza. La rais kwanza. Hapo watu wote macho, kila karatasi inainuliwa juu, tunaisoma, kuna mahali tiki ilikuwa imegusa mstari tukabishana dakika kumi na tano, msimamizi anatuambia punguzeni sauti. Simu zinapigwa, huko jimboni wanataka namba, namba ngapi, soma tena. Likaja la mbunge, bado kuna nguvu, ila mawakala wawili wa vyama vidogo walishaaga, mmoja ana mtoto mchanga nyumbani, mwingine alisema tu anaenda kujisaidia. Mpaka linafunguliwa la diwani ni saa tatu usiku. Taa ya betri imeanza kufifia, mbu, simu yangu imezima chaji. Hakuna aliyebishana. Karatasi ile ile ya tiki iliyogusa mstari, ambayo kwa rais tuliigombania kama mali ya urithi, kwa diwani msimamizi akasema hii imeharibika, na sisi tukaitikia haya weka. Ngapi zilienda hivyo? Sikuhesabu. Nilikuwa nahesabu nimebakiwa na shilingi ngapi za bodaboda.

Tukasaini. Fomu ya matokeo ya udiwani, ile 21C, nikapewa nakala yangu. Sasa swali ambalo hakuna mtu aliyenifundisha kwenye ile semina ya nusu saa, hii fomu nampelekea nani? Katibu kata simu haipatikani, nikaja kuambiwa alichukuliwa kwenda kwenye majumuisho ya ubunge kwa sababu kule ndo kwenye kazi. Mgombea wetu wa udiwani mwenyewe alikuwa anazunguka na ile bodaboda ya shemeji yake kituo kwa kituo usiku ule, na kwetu hakufika. Nikaikunja ile fomu nikaiweka ndani ya kanga nikaenda nayo nyumbani. Ilikaa kwenye droo ya cherehani, pamoja na bobini na vifungo, siku tatu. Siku tatu jamani. Matokeo ya kata yalishatangazwa asubuhi iliyofuata, tumepigwa kwa kura zisizofika hamsini.

Mgombea alivyokuja kuchukua fomu yake kwangu alikuwa ameshakusanya chache tu, nyingine zilikuwa kwa mawakala ambao hata majina yao alikuwa hayajui, maana orodha alikuwa nayo katibu. Aliishika ile fomu, akaisoma palepale amesimama, akanirudishia. Akasema, fundi, kaa nayo tu.

Kura hamsini mnaona ni chache? Shinyanga Mjini mwaka 2010, ubunge, Stephen Masele wa CCM alitangazwa mshindi kwa tofauti ya kura moja dhidi ya Philipo Shelembi wa CHADEMA. Moja. Ile ni tiki iliyogusa mstari, ni mtu mmoja aliyeenda kujisaidia akalala.

Na msije mkasema hamjui uzito wa wakala. Februari 2018, uchaguzi mdogo wa Kinondoni, watu waliandamana kudai barua za utambulisho za mawakala, risasi zikapigwa, ikampata binti wa chuo aliyekuwa amekaa kwenye daladala na safari zake. Kwahiyo karatasi za mawakala zimeshagharimu damu nchi hii. Alafu bado kuna vyama, na sio kimoja, vinachagua mawakala wa kata siku mbili kabla ya kura, kwa kupita mitaani na kuuliza nani hana kazi kesho kutwa.

Kuna ya mwisho, ya mnaowapata mkishashinda. Mwaka 2017 madiwani wa upinzani walijiuzulu mmoja mmoja wakisema wanaunga mkono juhudi za Rais Magufuli, ikabidi uchaguzi mdogo wa Novemba 26 ufanyike kwenye kata 43, pamoja na zile ambazo viti vilibaki wazi kwa sababu nyingine. CCM wakachukua 42. CHADEMA ikabaki na moja, Ibighi kule Rungwe. Mlisema wamenunuliwa. Inawezekana, mimi sikuwepo kwenye hayo mabegi. Ila nawauliza, diwani wa aina ya yule wa friji, aliyebahatika kupata kiti, baada ya kupata mlimpigia simu mara ngapi? Mtu aliyejinunulia bendera mwenyewe, akajilipia spika, akalisha mawakala, hakuna siku aliyojisikia kuwa ni wenu. Akija mtu mwingine na simu ya heshima na kiti cha mbele, kinachomzuia ni nini? Na nyie wa kijani msicheke, kwenye kura za maoni zenu nashona sare za mtu na wiki ijayo nashona za anayemchukia, wote wa chama kimoja.

Ninachowaomba sio kikubwa na wala hakihitaji wafadhili. Aliyechaguliwa na wanachama wa kata mwacheni asimame, na kama kuna sababu ya kumkata, njooni muiseme hapa hapa kwenye kata, mbele ya wamama wa vikoba, sio kwa barua. Fomu ya diwani ijazwe na mtu anayejua, wiki moja kabla, sio kwenye meza ya fundi. Wawepo mawakala wa zamu mbili, wa mchana na wa usiku, maana aliyekaa toka alfajiri usiku hana macho. Wali ufike. Na kila kata iwe na mtu mmoja ambaye kazi yake usiku ule ni moja tu, kupita kukusanya 21C, haendi jimboni, haendi kwa mbunge, hata rais mwenyewe akimpigia asiende.

Umeme umerudi, naona feni imeanza kuzunguka, ngoja nimalizie kwa jambo langu binafsi. Kuna bendera themanini hapa kwangu, zimeshonwa toka uchaguzi uliopita, zimekunjwa vizuri kwenye mfuko wa sandarusi juu ya kabati. Rangi siitaji, mwenyewe anajijua. Aliagiza mgombea udiwani, akatoa advansi ya nusu, akasema nyingine chama kitaleta. Chama hakijaleta. Yeye nikikutana naye sokoni anapita upande wa pili wa barabara, na mimi namwacha apite maana naelewa sio deni lake. Nyie mnaohusika mnapajua kwangu, mbele ya mashine ya kusaga, mlango wa bluu. Mje mzichukue, ila mje na ile nusu nyingine, na mje mchana.